Siku ya Mwisho ya Mume Wangu Kiwandani

Mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha mabeseni. Anasimama mbele ya presi, mashine inayoshuka kwa kishindo na kuligeuza bati bapa likawa beseni, na ndivyo afanyavyo tangu kabla hatujaoana. Wenzake wanamwita Radi, kwa sababu ya muziki anaoupenda, si kwa sababu ya ukali. Ukali hana hata wa kufukuzia kuku. Mwenye ukali humu ndani ni mimi.

Anapiga gitaa. Si gitaa la kubembeleza wapenzi. Ni roki, tena ile nzito inayoitwa hevi metali, inayofanya glasi zitembee kabatini. Bendi yao ina watu watatu: yeye, kinyozi anayeimba kama mtu anayekabwa koo, na fundi wa kuchomelea anayepiga ngoma. Mazoezi wanafanya Jumapili katika karakana ya huyo fundi, na majirani hawajawahi kulalamika kwa sababu wanadhani yanatengenezwa mageti.

Nilipoolewa sikujua chochote kuhusu roki. Sasa naijua kuliko ninavyoujua ukoo wangu. Nikiwa nasuka wateja sebuleni, yeye hukaa pembeni akatusimulia. Kuna mpiga ngoma aliyekatika mkono kwenye ajali ya gari, akatengenezewa ngoma za kupiga kwa miguu na kurudi jukwaani. Kuna mwimbaji aliyerushiwa popo na shabiki, akamng'ata kichwa akidhani ni wa mpira, akaishia kudungwa sindano hospitali. Wateja wangu wanapenda ya popo. Yeye anapenda ya kiwandani, na hiyo ndiyo iliyotuponza.

Kijana mmoja wa ng'ambo alikuwa anafanya kazi kiwanda cha mabati huku akipiga gitaa. Akapata bendi ya kusafiri nayo, akaacha kazi. Siku yake ya mwisho alikwenda asubuhi, mchana akarudi nyumbani kula, akamwambia mama yake kwamba harudi tena kule. Mama akamwambia aende akamalizie siku yake kama watu. Akaenda. Mtu wa presi hakuwa amefika, wakamweka yeye kwenye mashine asiyoizoea, ikamkata ncha za vidole viwili. Akaambiwa gitaa basi. Yeye akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea kofia za vidole, baadaye akalegeza nyuzi zisimuumize, na gitaa likatoa ngurumo nzito ambayo watu walikuwa hawajaizoea. Mume wangu anasema hevi metali ilizaliwa hapo.

Mtu mwingine angeisikia hadithi hiyo akapata moyo. Mume wangu alichobaki nacho ni siku ya mwisho.

Na kiwanda chao nacho kina desturi yake. Mtu akishatoa notisi, siku yake ya mwisho hapewi mashine yake, kwa kuwa kazi atakayoianza hataimaliza. Anafanywa kiraka. Anazungushwa kuziba nafasi za wasiofika: asubuhi presi kubwa, baada ya chai mkasi wa kukatia bati, mchana mashine ya kukunja kingo. Kwa hiyo hofu yake haikuwa ya kijinga kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana hofu ya kijinga ningeicheka ikaisha.

Mara ya kwanza alitoa notisi ili aende kupiga muziki, ndoa yetu ikiwa bado changa. Siku ya mwisho ilipofika akashikwa na tumbo. Jumatatu akarudi kiwandani kama vile hakuna lililotokea, na msimamizi akacheka akampa mashine yake. Mara ya pili nilijaribu kumsaidia kufikiri.

"Nenda asubuhi tu," nilimwambia. "Ukitoka kula, usirudi. Si yule aliumia mchana?"

"Ukishaamua kutorudi mchana, asubuhi ndiyo inakuwa siku ya mwisho."

"Basi usiende kabisa."

"Nisipoenda, jana yake ndiyo inakuwa ya mwisho. Na jana nilikuwa kazini, mke wangu. Ingeweza kunikata jana."

Niliinuka nikaenda kuosha vyombo. Siku ilipofika tumbo likamshika tena, na Jumatatu akarudi kwenye presi yake.

Miaka ikaenda. King'ora cha kiwanda kinasikika mpaka jikoni kwetu, na maisha yetu yote yalikuwa yanakwenda kwa king'ora hicho: kikilia chai iwe mezani, kikilia tena namtazamia mlangoni ananuka grisi. Watoto wakakua, wakahama. Kila Jumapili alirudi kutoka mazoezini uso umemchangamka, na kila Jumatatu uso ule ulikuwa umezima kabla hajavaa ovaroli. Mimi sikuwahi kusimama mbele ya presi, lakini nilichoka nayo. Kuna siku nilimtazama akila na nikahisi tumefungiwa wote wawili, na ufunguo anao yeye, na haoni kama anao.

Mwaka huu fundi wa kuchomelea akaja na habari. Ukumbi mmoja wa mji mwingine ulitaka bendi ya roki ya kupiga hapo kila wikiendi, na vyumba vya kulala wanavyo. Fundi mwenyewe alikuwa ameshafunga karakana. Kinyozi alikuwa ameuza viti vyake.

"Shemeji," aliniambia mbele ya mume wangu, "nakwambia wewe kwa sababu huyu namjua. Tunaondoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akikataa safari hii, kuna kijana tumeshamwona. Hatutakuja tena kumwomba."

Mume wangu akatoa notisi kesho yake. Akaacha kula vizuri. Nikimsikia usiku anageuka, najua anahesabu vidole.

Safari hii sikungoja tumbo. Siku yake ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Alhamisi mchana nilijifunga kitambaa nikaenda kiwandani kumwona msimamizi, mama mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi. Nilimweleza yote, mpaka ya yule kijana wa ng'ambo. Nilitegemea anicheke.

"Mbona hakusema?" aliuliza. "Kesho asije. Notisi yake naimaliza leo. Yuko kwenye mashine yake mwenyewe, hakuna wa kumfanya kiraka. King'ora kikilia, ndiyo imekwisha."

Nilirudi nyumbani natembea kama nina miaka ishirini. Alipoingia nilimkalisha, nikamshika mikono yote miwili.

"Siku yako ya mwisho imeshapita," nilimwambia. "Ilikuwa leo. Umeifanya bila kujua, na vidole vyako hivi hapa."

Nilitaka afurahi. Nilitaka hata alie. Yeye aliitazama ile mikono, akasema ahsante, kama mtu aliyepewa zawadi isiyomtosha.

Ijumaa king'ora kilipolia alikuwa ameshavaa ovaroli.

"Unakwenda wapi?"

"Kuaga watu."

"Watu wanaagwa na ovaroli?"

Akafunga vifungo, akatoka. King'ora cha jioni kikalia, naye akaingia ananuka grisi. Nilijua amerudi kwenye presi, na hasira niliyokuwa nayo ingevunja sahani.

Jumamosi asubuhi gari likasimama nje, ngoma zimefungwa kamba nyuma. Mume wangu aliliona kupitia dirisha, akaingia bafuni, akafungua maji.

"Shemeji, Radi yuko tayari?" fundi aliuliza mlangoni.

"Anaoga."

Maji yalisikika mpaka tulipokuwa tumesimama. Fundi aliyasikiliza. Wanajuana tangu utotoni hao.

"Tumsubiri?" aliniuliza taratibu.

Ningeweza kumtoa yule mwanamume bafuni kwa kumvuta sikio, ningeweza kumpandisha kwenye gari na gitaa lake, na najua angekaa kimya mpaka wafike. Kisha Jumatatu angerudi na basi la kwanza.

"Nendeni," nilisema.

Gari lilipotokomea, maji yakanyamaza. Akatoka bafuni. Alikuwa mkavu, nguo zote mwilini.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

Akakaa kitandani, akaweka mikono magotini. "Yule wa ng'ambo alipoteza vidole akaenda," alisema. "Mimi ninavyo vyote. Kumbe nilikuwa siogopi mashine."

"Uliogopa nini?"

"Kwenda, halafu nipige, halafu watu waendelee kunywa vinywaji vyao." Akanitazama. "Nikiwa kiwandani, mimi ni mpiga gitaa aliyekosa nafasi. Kule ningekuwa nani?"

Nilikaa kando yake. Hasira yote ilikuwa imeniishia na mahali pake hapakuja kitu. Kulikuwa na jambo moja nililotaka kulijua.

"Na kama msimamizi angekataa kukurudisha jana?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri kila kitu.

"Ningekaa getini," alisema, "mpaka akubali."