Uso Niliotaka Kuubangua

Harufu ya korosho inayokaangwa ikiwa bado ndani ya ganda lake si ile harufu tamu mnayoijua ninyi mnaonunua korosho zilizokwisha kufungwa kwenye pakiti. Ya kwetu ni kali. Inakwangua koo, inaingia kwenye nywele na kwenye kanga, na hata ukiogea kipande kizima cha sabuni, kesho yake bado inakutangulia kila unapokwenda. Mafuta ya ganda yakishika moto kwenye bati, moshi unatoka mweusi na mzito, na asiyeuzoea hukohoa mpaka machozi yamtoke. Nilizaliwa ndani ya moshi huo, katika kijiji kimoja cha wakulima wa korosho na mihogo upande wa Madimba, na mpaka nilipofikisha miaka tisa sikujua kwamba unanuka. Ilibidi nipelekwe mjini nikafundishwe. Nasema mapema kwamba nilikuwa mtoto mjinga, mwenye kiherehere cha kujifunza ujinga wa wengine, ili msomaji asije akanihurumia bure.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mama mdogo Rehema, mdogo wake mama, aliyeolewa Magomeni ya Mtwara mjini. Alimwomba mama anichukue nikasome mjini, na mama akakubali kwa sababu alitaka niwe mtu. Mama mdogo hakuwa mtu mbaya. Alinilisha, alinivisha, na madaftari yangu hayakupungua. Ila alikuwa na kopo lake, ambamo alichanganya krimu tatu au nne na mafuta, akakoroga kwa kijiti, kisha akajipaka asubuhi na jioni kwa uangalifu ambao sikuwahi kumwona akiuonyesha hata kwenye udhu. Uso wake uling'aa mwekundu kama nyanya. Vifundo vya vidole, masikio na visigino vilibaki vile alivyozaliwa navyo, kana kwamba vilikataa kushiriki aibu ile. Nilikuwa mtoto, sikuona kichekesho chochote. Nilimwona mzuri kuliko wanawake wote, na nilipomwomba anipake kidogo, alicheka akasema mkorogo si wa watoto, nisubiri nikue.

Shuleni tulikuwa mchanganyiko. Walikuwapo watoto wa watumishi wa serikali na wa wafanyakazi wa bandarini, waliotoka mikoa mingine, waliokwenda kanisani Jumapili na kuongea Kiswahili kilichonyooka, wakati mimi nilitamka maneno kwa lafudhi ya nyumbani na darasa likafurahi. Lakini jina la Masizi, lililonifuata miaka yote ya shule, halikutoka kwao. Lilitoka kwa Mwajuma, msichana wa Ufukoni, mweusi kama mimi na pengine kunizidi, ambaye alikuwa akitafuta kwa udi na uvumba mtu wa kumweka chini yake. Alinipata. Wale wa mikoa mingine walicheka tu, kisha wakasahau. Mwenzangu ndiye aliyehakikisha kila asubuhi kwamba jina halichuji. Nyani haoni kundule, wamesema wahenga, lakini mimi naamini nyani huyu aliliona vizuri sana, na ndiyo maana alipiga kelele kuhusu la mwenziwe.

Mwaka ninaousimulia ni ule mafundi wa bomba la gesi walipokuwa wamejaa mjini. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Shule yetu iliambiwa kwamba mwezi wa kwanza, tukishafungua, itapokea wageni wakubwa, na mwalimu wa michezo akaanza kuchagua wasichana sita wa kuvaa magauni meupe na kuwavisha wageni maua shingoni. Nilijipanga mbele. Nilikuwa mrefu wa kutosha, nyimbo zote nilizijua, na sauti yangu ilifika mpaka barabarani. Mwalimu akapita, akanishika bega kwa upole, akanisogeza. "Wewe Somoe kaa huku nyuma," alisema. "Pale mbele nataka wenye nuru, picha itoke vizuri." Hakusema kwa ukali. Angenitukana, ningejua nimetukanwa, ningelia na kusahau. Alisema kama mtu anayepanga viti, nami nikaona ana haki. Nikarudi nyuma nikiwa nimekwisha kukata shauri kwamba ifikapo mwezi wa kwanza nitakuwa na hiyo nuru, nisimame mbele. Likizo ilikuwa wiki nne.

Siku hizi wapo watu wanaohubiri habari za kujithamini, na husema kwamba anayejichukia ana kasoro ndani yake, ajitazame kwenye kioo kila asubuhi ajiambie kuwa yeye ni mzuri. Upuuzi mtupu. Mtoto hazaliwi akijichukia. Anasikiliza. Anasikiliza nyumbani, anasikiliza shuleni, anasikiliza hata sifa, maana mimi nilisifiwa mara nyingi kwamba "huyu ni mweusi lakini mzuri," na lile "lakini" nilikwenda nalo kitandani. Kisha mtoto mwenye bidii hufanya kazi aliyofundishwa. Nilikuwa na bidii, hilo sikunyimwa.

Basi nikarudi kijijini mwezi wa kumi na mbili, korosho zikiwa zimejaa, mabibo yameoza chini ya mikorosho na nzi wanazunguka. Mama alikuwa akibangua korosho, akipasua ganda kutoa kiini, chini ya kibanda cha makuti, gogo mbele yake, kirungu mkononi, na pembeni bakuli la majivu ambamo alichovya vidole kila baada ya korosho mbili tatu ili mafuta ya ganda yasimle. Hata hivyo yalimla. Kila msimu ngozi ya vidole vyake ilibabuka, ikachunika vipande vipande, na chini yake ikaonekana ngozi changa, ya waridi, laini kama ya kichanga. Vidole hivyo nilikuwa nimeviona tangu nilipoanza kutambaa. Mwaka ule nilivitazama kwa macho ya Magomeni. Mtu mwingine angeona jeraha la mama yake. Mimi niliona mkorogo wa bure.

Kwetu onyo la kwanza analopewa mtoto, kabla hata ya kufundishwa kusalimia, ni kwamba usijishike uso wakati wa kubangua. Hivyo siwezi kusema sikujua. Tena kosa hili asingeweza kulifanya mtoto wa Mwanza wala wa Arusha, kwa kuwa yeye hajui kabisa kama ganda la korosho lina kitu kinachoweza kumchuna mtu. Ilihitajika mjuzi. Nilisubiri Ijumaa moja, baba alipokwenda msikitini na mama alipokwenda kwa jirani aliyefiwa. Nikakusanya maganda mabichi, nikayaponda kwa jiwe mpaka nikapata mafuta ya kujaza kizibo cha chupa, nikatia mafuta ya nazi, nikakoroga kwa kijiti kama nilivyomwona mama mdogo akifanya. Nikajipaka mashavu yote mawili, paji la uso, pua na kidevu. Macho niliyaacha. Hapo tu ndipo akili iliponitembelea, kisha ikaondoka zake.

Mwanzoni yalichoma kidogo, nikafurahi kwamba yanafanya kazi. Baadaye yakachoma kweli. Nililala mkekani nikiuma pindo la kanga, nikijiambia kwamba mama mdogo naye lazima huumia, na kwamba uzuri haupatikani kwa kuchekacheka. Mama aliporudi alasiri, uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba na malengelenge yameanza. Hakupiga kelele. Aliniosha kwa sabuni na maji mengi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akanifunika kwa kanga yake, tukapanda bodaboda mpaka zahanati.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mgeni wa mkoa wetu. Akaniuliza kimenipata nini, nami nikasema nilikuwa nabangua, mafuta yakanirukia. Akanitazama sana.

"Yakakurukia shavu hili na hili, sawasawa, kama mtu aliyejipaka poda?"

Akamgeukia mama. "Nyie mama zetu wa huku mnawatumikisha watoto korosho, halafu wakiungua mnatuletea sisi pamoja na uongo. Huoni haya?"

"Naona, dada," mama akasema. "Nisamehe. Nitibie tu mwanangu."

Alijua. Alikuwa ameshaona kizibo na kijiti juu ya gogo. Nami nilijua kwamba anajua, na nilikaa pale juu ya kitanda cha zahanati nikaacha mama yangu asemwe kwa kosa langu mbele ya watu, bila kufungua mdomo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini siku ile pole zote nilipewa mimi, na karipio alilibeba yeye mpaka nyumbani.

Tulipofika akanikalisha, akaniuliza taratibu nani kanituma. Nikasema hakuna. Akaniuliza nilitaka nini. Ningeweza kumweleza habari za mwalimu na magauni meupe. Ningeweza kulia tu, akaniacha. Nilichosema ni hiki: "Sitaki kufanana na wewe." Nilikisema waziwazi, kwa Kiswahili kilichonyooka nilichojifunza mjini. Mama akaitikia, "Haya," kama mtu aliyeambiwa chumvi imekwisha, akainuka akaenda kuchochea moto.

Wiki mbili nililala ndani, na wiki mbili alinihudumia. Alinipaka dawa, alininywesha uji, alinipepea mchana joto lilipozidi. Ila alikaa ubavuni kwangu, hakukaa mbele yangu, na kila alipoingia alikuwa ameivuta kanga mpaka kwenye nyusi na ameugeuzia uso mlangoni. Nilidhani amekasirika, nami nikanuna kumjibu. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa akinipunguzia kumwona. Siku nilipoelewa jambo hilo nilikuwa njiani natoka kazini, nikakaa kwenye ngazi za duka la watu nikalia, na waliopita walinitazama.

Ngozi ilichunika kama nilivyotaka. Chini yake ikatoka nyingine, ya waridi, na kwa siku kama kumi nilikwenda kujitazama kwenye ndoo ya maji kila nilipopata nafasi, nikiwa na furaha ya mtu aliyefanikiwa. Kisha jua la Mtwara likaikuta. Iligeuka nyeusi kuliko ya kwanza, na mahali pengine ikaacha mabaka ambayo mpaka leo sijui kama niyaite meusi au meupe. Shule ikafunguliwa, nikawekwa safu ya mwisho kabisa. Wageni wenyewe walikuja wamechelewa, wakavishwa maua huku wakiongea na simu, wakaondoka kabla ya wimbo wa pili. Sidhani kama walikumbuka hata kwamba walivishwa maua na watoto. Ni kwa ajili ya watu hao nilimwambia mama yangu neno lile.

Sasa nauza kwenye duka la dawa mjini. Mambo yamekwenda mbele, wanasema. Mkorogo wa kopo umekuwa wa kishamba; siku hizi kuna sindano na vidonge, na asiye na uwezo huo anayo simu, anabonyeza mara mbili anakuwa mweupe mpaka pua inapotea. Wanakuja wasichana waliosoma kunizidi, wanainama kwenye kaunta na kuninong'oneza wanachotafuta kana kwamba wanaulizia bangi. Nawatazama, nawadharau. Nimemdharau mama mdogo, ambaye sasa hawezi kukaa juani dakika tano. Nimemdharau mwalimu, na Mwajuma, na wageni wale ambao hata majina yao sikuyajua. Nimekuwa hodari wa kudharau, na watu husema ndiyo dalili kwamba najiamini.

Hadithi hii naisimulia sana. Kwenye shughuli za wanawake huwa naombwa, maana naijulia: nakaigiza kale katoto, keusi tii, kamevimba kama andazi, kanajitazama kwenye ndoo na kujiona malkia. Watu hushika mbavu. Idi iliyopita niliwapeleka wifi zangu wawili kijijini kwa mama, tukala, tukashiba, nikaanza. Nikafika kwenye kijiti na kizibo, wifi mmoja akawa anafuta machozi kwa kucheka. Nikasema, "Mnajua katoto kajinga kama kale, hata kangekufa, hasara ingekuwa ya nani?"

Mama alikuwa akimenya chungwa. Akaliweka chini. "Huyo mtoto unayemsema hivyo ni mwanangu," alisema.

Nikacheka. "Si ni mimi mwenyewe, mama?"

"Najua ni wewe. Lakini mimi ndiye niliyemzaa na mimi ndiye niliyemuuguza, na hata siku moja sikumwona mbaya. Humu ndani mwangu hatukanwi. Na wewe pia usimtukane."

Wifi zangu wakatazama mkeka. Nikalichukua chungwa aliloliweka chini, nikamalizia kulimenya. Mwajuma alinitukana miaka michache, mpaka tulipomaliza shule. Leo ana watoto wanne, na pengine hata jina langu kalisahau. Ni mimi niliyeendelea na kazi yake, mchana kweupe, mbele ya watu, nikishangiliwa, na miaka yote hiyo nikidhani nimepona.