Kitabu cha Bwana Yule

Ubao ule ulitundikwa karibu na mlango wa maktaba, mahali ambapo mtu hawezi kuukwepa hata akiwa na haraka zake. Mtunza maktaba alikuwa amebandika maelekezo: kila msomaji achukue kadi, aandike blogu anayoipenda, ya mtu wa kawaida anayeandika mambo yake mwenyewe, na aeleze kwa nini wengine waisome. Kadi zilikuwa ndani ya boksi la viatu, na kalamu ilifungwa kwa uzi isije ikatembea.

Mzee Gundi alichukua kadi moja akaketi. Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu, miaka arobaini na ushei, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu hata siku ya mapumziko vidole vyake vilikuwa vinanata. Shule aliigusa tu akapita, kwa hiyo aliandika taratibu, kichwa upande: "Msomeni huyu bwana. Hajidai. Mimi na dada yangu tunamsoma kila siku baada ya chakula cha mchana, na hatujamchoka." Akaipeleka kadi mezani.

"Umeandika vizuri, mzee," mtunza maktaba akasema. "Sasa blogu yenyewe inaitwaje?"

"Inaitwaje?"

"Jina lake, ili mtu akiitaka aipate."

Mzee aliikodolea macho kadi kana kwamba jina lingejitokeza lenyewe. "Sisi tunamwita Bwana Yule."

"Bwana yupi?"

"Yule."

Mtunza maktaba akamtazama kwa huruma, akamrudishia kadi. Mzee akatoka nje, akasimama barabarani, asijue aende kushoto au kulia. Si kwa sababu ya kadi. Kadi ilikuwa jambo dogo. Kilichomvuruga ni kwamba dada yake alikuwa anahama Jumamosi, na leo ilikuwa Jumatano.

Dada yake huyo alikuwa amemtangulia kuzaliwa kwa miaka sita. Macho yake yalikuwa yamefifia mpaka akabaki kuona mwanga na vivuli. Tangu wote wawili wabaki wapweke walikaa nyumba moja, vyumba viwili na jiko, mzee akipika na kumsomea, dada akikosoa upishi na usomaji. Sasa binti yake alikuwa anakuja kumchukua akaishi naye, na alisema atakuwa anamsomea mama yake kwenye simu. "Mjomba nipe tu jina la hiyo blogu," alisema. Tena dada mwenyewe alikuwa na haja moja tu, ambayo aliirudia kila alipoamka. Alitaka kujua kama Bwana Yule alirudi kwenye ile ngazi.

Ilikuwa hivi. Katikati ya kitabu walimokuwa wakimsoma Bwana Yule kulikuwa na ukurasa mmoja ambapo mwandishi anapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwenye mlango wa ndugu yake waliyenuniana naye miaka sita. Ameshika kifurushi cha kitambaa cha pazia. Anainua mkono abishe hodi, anasikia ndugu yake anacheka huko ndani, kicheko kilekile cha utotoni, na anaushusha mkono. Anaweka kifurushi chini, anashuka. Basi. Ukurasa unaofuata unazungumzia unga wa ngano.

"Hawezi kutuacha hapo," dada alikuwa akisema. "Soma mbele."

"Nimesoma mbele mpaka jalada, dada. Kuna unga, kuna hospitali, kuna lifti iliyokwama."

"Basi umeruka."

"Sijaruka."

"Wewe tangu mtoto unaruka."

Kitabu chenyewe mzee alikitengeneza kwa mikono yake. Mama Wino, mwenye duka la kuchapa karatasi lililo mkabala na karakana ya zamani ya mzee, ndiye aliyemchapia kurasa hizo kutoka kwenye kompyuta, kwa herufi kubwa, siku mzee alipomwambia kwamba simu inamuumiza macho na dada yake amechoka kusikiliza redio. "Nimekuwekea vitu vizuri ninavyovisoma mwenyewe," alisema, akampa bunda zito. Mzee akaenda nalo nyumbani na kulifanya kama alivyofundishwa. Kwanza akaondoa vibanio vyote, maana chuma hushika kutu kikachafua karatasi. Pili akapanga kurasa kwa tarehe, kama alivyokuwa akipanga magazeti ya maofisini, miaka nenda miaka rudi. Tatu akashona, akapaka gundi, na mwisho akakata kingo pande tatu, juu, chini na mbele, zikawa laini kama ukingo wa sabuni mpya. Kusoma hakusoma. Aliyemfundisha kazi alimwonya kwamba mjalidi akianza kusoma, uzi unakwenda upande. Kusoma kulikuja baadaye, kitabu kikiwa kimekwisha kukauka.

Na walipoanza kusoma, walimpenda Bwana Yule ingawa aliwatatiza. Alfajiri anaoka mikate. Mchana yuko wodini anabadilisha bandeji. Jioni yuko ndani ya shimo la lifti na spana.

"Huyu analala saa ngapi?" dada aliuliza siku ya kwanza.

"Labda lifti ni ya hospitali hiyohiyo."

"Na mikate?"

"Ya wagonjwa."

Hilo likapita. Gumu lilikuwa la mama yake. Mwezi wa tatu alimzika, kwa maneno yaliyomfanya dada aombe kitambaa. Mwezi wa nne mama huyohuyo akapiga simu Jumapili kumgombeza mwanawe kwa kutokula. Halafu dada akasema pengine ni mama mdogo. Mwezi wa tano wakamzika baba, na mwezi wa sita baba akanunua baiskeli. "Ukoo mkubwa," mzee akasema, na dada akakubali, kwa sababu mtu ukishampenda unamtafutia njia.

Jumatano hiyo, baada ya kurudi kutoka maktaba, mzee aliketi akakifungua kitabu kutafuta jina. Hakuna jina mahali popote. Ndipo akakumbuka kwamba juu ya kila karatasi palikuwa na mstari wa maandishi madogomadogo, na chini pia, na kwamba aliikata yote ili kitabu kipendeze. Vipande hivyo vilikwenda wapi? Havikutupwa. Yeye hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Alivijaza ndani ya mto wa kiti cha dada yake.

"Dada, hebu simama kidogo."

"Kuna nini?"

"Umekalia jina la Bwana Yule."

Dada akasimama, akashika ukuta, akasema hajawahi kuvunjiwa heshima namna hiyo na mtu ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni. Mzee akafumua mshono. Vipande vikamwagika sakafuni kama tambi, na kila kimoja kilikuwa na nusu ya herufi juu na nusu nyingine haipo. Akavigeuza mpaka chai ikapoa. Alichopata ni kwamba maneno hayakufanana. Kuna vilivyoanza hivi, kuna vilivyoanza vile. Kichwa kikazidi kumzunguka.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Wino na kitabu kwapani. Yule mama wa makamo, vidole vyeusi kwa kazi, alikipokea kwa mikono miwili, akasifu mgongo wake, akasifu kitambaa cha jalada. Kisha akaanza kufungua kurasa, na uso ukabadilika polepole.

"Mzee wangu, umewachanganya."

"Nimewachanganya akina nani?"

"Hawa watu. Huyu ni mwoka mikate. Huyu ni muuguzi. Huyu ni fundi wa lifti. Kila mmoja ana blogu yake, nilikubania kila moja peke yake."

Mzee akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Kwa hiyo mama aliyekufa ni wa nani?"

"Wa muuguzi."

"Na aliyepiga simu?"

"Wa fundi lifti. Yule mama ni mkali, lakini mzima kabisa."

"Na baiskeli?"

"Baba wa mwoka mikate."

Alipaswa kufurahi, mambo yamenyooka. Badala yake alihisi kama amekwenda msibani akaambiwa marehemu hajawahi kuwepo. Mtu aliyekaa naye mezani miezi mitatu, ambaye mzee alijua homa yake na kiatu chake kinachobana, sasa ni watu watatu wasiojuana, na kila mmoja ana theluthi tu ya mapenzi yake. Akajikaza. Akaomba kadi tatu za kubandika maktaba, Mama Wino akamwandikia majina matatu kwa herufi kubwa.

"Sasa niambie la mwisho," mzee akasema. "Yule wa ngazi na pazia ni nani kati yao? Dada yangu anataka kujua kama alirudi."

Mama Wino akachukua bunda la karatasi tupu akaligonga mezani kulinyoosha, ingawa lilikuwa limenyooka. "Ukurasa upi huo?"

Mzee akaufungua. Hakuhitaji kutafuta, kitabu kilikuwa kimezoea kufungukia hapo. Mama Wino akautazama, akaufunika kwa kiganja.

"Huu haukutakiwa kuwemo. Ulikuwa kwenye mashine, ukachanganyika na zako."

"Ni wa nani?"

"Ni wangu," akasema. "Nilifungua blogu na mimi. Niliandika huo mmoja. Hakuna aliyesoma, nikaacha."

Nje mtu aliuliza bei ya bahasha, akajibiwa, akaondoka. Mzee alikuwa bado anahesabu upya: wanne sasa. Na wa nne ni mwanamke huyu anayemuuzia gundi miaka kumi na mbili, ambaye mzee hakuwahi kumuuliza habari za nyumbani zaidi ya salamu.

"Ulirudi?" akauliza.

"Kuandika?"

"Kwenye ngazi."

Mama Wino akatikisa kichwa. "Sina cha kumwambia dada yako, mzee. Mwambie kimeishia hapo. Na kama utaandika kadi ya nne, nakuomba, usiibandike."

Mchana ule mzee alimweleza dada yake yote, kwa kurudia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alichanganya mwenyewe. Alitegemea machozi au ugomvi. Dada alijiweka sawa kwenye mto uliopwaya.

"Nilijua hakuna anayeweza kuoka na kutengeneza lifti," akasema mwishowe. "Nilikuwa sitaki kukuharibia."

"Mimi nilikuwa sitaki kukuharibia wewe."

"Basi tumeharibikiwa wote." Akapapasa mpaka akaupata mkono wake. "Yule wa pazia mwambie hivi. Mwambie kuna kikongwe mmoja haoni, anahama Jumamosi, na ameusikia ukurasa wake mara kumi na nne. Usimwambie arudi. Mwambie tu nimeusikia."

Mzee akaenda akasema vilevile alivyotumwa, neno kwa neno. Mama Wino alikuwa anapima karatasi. Alisema "haya," akaendelea kupima.

Jumamosi mpwa wake akaja na gari la kukodi. Mjomba akampa kadi tatu, naye akanakili majina kwenye simu na kuzirudisha. Dada akakitaka kitabu pia, hivyohivyo kilivyochanganyika, akakipakata njia nzima ya kutoka mlangoni hadi garini. "Hawa watatu nitawasikiliza," akasema akiwa ameketi. "Lakini Bwana Yule naondoka naye."

Gari lilipokwisha kupinda, nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kukera. Mzee akafunga mlango, akaenda maktaba kubandika kadi tatu. Mfukoni alikuwa na ya nne, ameiandika mwenyewe, bila jina: "Ana ukurasa mmoja tu. Unatosha." Akaona apitie kwa Mama Wino amwombe ruhusa mara moja tu, akikataa basi.

Duka lilikuwa limefungwa. Katika miaka kumi na mbili hajaliona limefungwa Jumamosi. Kwenye kitasa palining'inia karatasi iliyoandikwa kwa mkono: Nimetoka. Nitarudi.

Akaisoma mara ya pili. Huenda alikwenda kununua karatasi. Huenda anaumwa. Huenda hata sasa amesimama ghorofa ya tatu, mkono juu. Mzee hakuweza kujua, na karatasi haikuwa na zaidi. Akaketi kwenye kizingiti cha duka, kadi mkononi, akangoja.