Sifuri ya Mtego wa Tano

Siku ya kwanza kazini Mkuu wa Kituo alinikabidhi mitego sita, daftari na penseli, akauliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema darasa la nne.

"Basi kuhesabu nzi unaweza," akasema.

Niliweza. Nyie mnaoomba nafasi za utafiti kwa simu, mjue kabla ya kompyuta kuna mtu amehesabu.

Ilikuwa miaka ya tisini, porini mbele ya Usevya. Mtego wa mbung'o ni kitambaa cha bluu na cheusi, juu yake chandarua, na juu kabisa chupa wanamonasia. Kila asubuhi nilizunguka, nikahesabu, nikaandika. Kambini nilikaa peke yangu. Gari lilikuja mara moja kwa mwezi na chumvi na betri za redio. Siku nyingine nilisoma hesabu kwa sauti, nisikie tu mtu anaongea.

Ndipo akaja Daktari. Si wa sindano. Dada huyu alikuwa amemaliza shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu, akapewa miaka miwili ya utafiti kabla ya kupata ajira ya kudumu. Postdoki, ndivyo walivyomwita. Aliingiza hesabu zangu kwenye kompyuta iliyokula betri ya gari, imwonyeshe malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, yatatokea wapi. Akikosea, nafasi imekwisha.

Siku moja kabla ya gari kuja kuchukua ripoti yake, akaniita.

"Mzee, mtego wa tano hauna mbung'o mwezi mzima. Nimeandika wafugaji wahamie huko, ni salama."

Nikacheka. "Salama? Kule wanauma mpaka ndani ya suruali!"

"Sasa hii sifuri?"

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeniona. Nikamwambia: kitambaa kilichukuliwa, nadhani kimeshonwa kaptula. Chupa tupu, nikaandika sifuri. "Wewe ungeandika nini?"

"Mstari, Mzee! Sifuri maana yake ulitazama ukakosa. Mstari, hukuweza kutazama. Mungu wangu, ningepeleka watu kwenye malale!"

Niliumia. Miaka yote najisifu kwa daftari lile. Tukakaa kutwa nzima, anataja sifuri moja moja, mimi nakumbuka: hii kweli, hii mvua iliangusha mtego, hii kitambaa. Sijawahi kuongea na mtu siku nzima namna ile, kabla wala baadaye.

Ripoti ikaenda sawa. Akapata nafasi nyingine, ng'ambo, akaondoka na gari lile lile la chumvi. Alisema ataandika. Nikarudi kwenye mitego yangu mpaka nilipostaafu.

Sasa nipo Shanwe. Mama watoto ametangulia, watoto wako mbali. Ukutani nina kalenda na penseli. Siku nikikaa mlangoni na asije mtu, naandika sifuri. Siku nikilala homa, mlango umefungwa, napiga mstari, maana labda alikuja mtu akabisha, sikusikia.