Barua za Vita Ndani ya Bakuli

Babu alikuwa na barua tatu za wakati wa vita vya Majimaji. Mkuu wa vita wa upande wetu aliziandika kwa mkono wake, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akimpelekea baba yake babu, aliyeongoza wapiganaji wa Likunja. Babu hakujua kusoma. Alitaka kusikia jambo moja tu: baba yake aliamriwa kurudi nyuma, au alikimbia? Watu walisema alikimbia, na watani walitutania hivyo hata msibani.

Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba, nimetoka sekondari, karani kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu kule Nachingwea. Kila nikija Likunja, wimbo ulikuwa uleule.

"Umemleta yule mwalimu wa chuo cha Kurani kutoka Mtua?"

"Babu, nimekuja kupumzika."

"Umepumzika tangu uzaliwe! Basi zisome wewe."

"Hizi si herufi nilizosomea."

"Sasa miaka yote ile ulikuwa unasoma nini?"

Alinichosha. Baiskeli nilikuwa nayo, lakini karani mzima nimpakie mwalimu wa chuo na kanzu yake? Niliona aibu. Leo hata kuliandika hilo kunaniudhi.

Siku moja mtoto wa shangazi alishikwa na homa kali. Shangazi akanijia na kopo ambalo babu alihifadhia barua zake.

"Baba, haya ni maandishi ya Kiarabu?"

"Ya Kiarabu, shangazi. Niache nilale."

Kwetu aya za Kurani huandikwa kwa wino, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Ndiyo kombe. Shangazi aliamini kila herufi ya Kiarabu ni ya Mungu. Babu aliporudi kutoka shambani alikuta karatasi zimeanikwa uani, hazina kitu, na bakuli lina masalia meusi.

"Umemnywesha mtoto vita!" alifoka.

"Si msomi wako ndiye aliyesema ni Kiarabu?"

Wote wawili wakanigeukia. Mtoto alipona, na shangazi hakukubali kamwe kwamba alikosea.

Kwenye msiba uliofuata mtani mmoja akapaza sauti: "Wapisheni watoto wa mkimbiaji, wasije wakatoka mbio na jeneza!" Zamani babu angejibu, "Ngojeni, barua ninazo." Safari hii alinitazama mimi, na maiti ilipokwisha kuteremshwa akachukua jembe, akaanza kufukia kaburi.