Kinda Lililolia Likiwa na Chakula Shingoni

Jozi ya kasuku niliachiwa na padri mzungu aliyekuwa anarudi kwao, pamoja na kijitabu cha ufugaji. Nilikuwa Mbinga kwa likizo kutoka chuo kikuu kule Uganda, nami nilitaka kuthibitisha kwamba kasuku wanaweza kuzaa nyumbani, si lazima makinda yatolewe kwenye mashimo ya miti huko Lipingo. Yalitagwa mayai matatu, likaanguliwa moja. Siku ya tisa mama yake akaacha kulilisha, nikalichukua mimi.

Kijitabu kilisema uji mwepesi kila baada ya saa mbili, na kikapu cha kinda kikae mbali na moshi. Mimi niliyebishana na wahadhiri hata juu ya kuwapo kwa Mungu, kijitabu sikukihoji hata mstari mmoja.

Asubuhi ya tatu, ukungu wa Juni ukiwa bado kwenye mibuni, nilikuta kifuko cha chakula cha shingoni kimevimba na kukakamaa. Uji wa jana ulikuwa ungali humo. Kinda likaachama, likalia. Nikakoroga mwingine.

Shangazi aliyenilea alikuwa ameingia kuchukua ndoo. Nilimwamkia. Badala ya kuitikia, akaushika mkono wangu wenye kijiko.

"Huko chuoni walikufundisha kulisha ndege au kulisha saa?"

Nilimwambia lina njaa. Akakiweka kidole changu juu ya kifuko: baridi. Alisema mwili wa baridi hausagi chakula. Nikiongeza, uji utachacha humo na kinda litakufa. Tukahamisha kikapu jikoni, karibu na mafiga. Nililidondoshea matone mawili ya maji ya vuguvugu, nikakisugua kifuko taratibu alivyonielekeza. Baada ya hapo, akasema, nisililishe kitu.

Lililia. Kila nilipojongea lilinyoosha ile shingo isiyo na manyoya. Mara mbili nilichukua kijiko, mara mbili nikakirudisha. Nikamuuliza shangazi kama amewahi kulea kasuku. Hapana, akasema, amelea bata. Hilo halikunituliza. Na kama kasuku si bata? Lingekufa kwa njaa mbele yangu, bakuli la uji likiwa mapajani.

Kuelekea adhuhuri likanyamaza. Nilidhani ndiyo basi. Nikalinyanyua, nikaona kwenye jani la mgomba nililolitandikia choo kidogo, cha kijani, bado kina maji. Nikagusa kifuko. Kilikuwa kimelegea, kimebaki nusu.

"Nilishe sasa?"

"Bado," alisema, akiendelea kuchambua maharage. "Kaa chini, baba. Kifuko kikibaki kitupu, utalisha."

Nikakaa.