Asubuhi Teng-kun Alipotuma Ua

Ukoo wa Peng haukubaliani kwa mengi, lakini kwa hili kila mtu, kuanzia waliobaki kijijini Beipu hadi waliohamia jijini Taipei, alikuwa na neno moja: salamu za asubuhi za Teng-kun zilikuwa karaha. Wazee wenzake walituma kwenye simu maua na mawio ya jua yenye maneno ya heri, kama watu. Yeye alituma uso wa nzi.

"Shemeji, niko kwenye uji, unaniletea macho ya nzi!" aliandika Fung-lan, mke wa mdogo wake.

"Mtazame vizuri," alijibu Teng-kun. "Ana nywele nyingi kuliko mumeo."

Alikuwa kinyozi maisha yake yote, na kinyozi ni mkono. Wembe wake ulipita kwenye koo za watu waliolala kitini, wasizinduke. Alipofunga duka, mkono ule ule akauhamishia kwenye kamera: lenzi ya kukuza vidogo, flashi, na mbele ya flashi bakuli jeupe la tambi alilolikata mwenyewe ili mwanga usimchome mdudu machoni. Katika kazi hiyo, sehemu ya picha inayotoka safi ni nyembamba kama unywele. Ukipumua vibaya tu, jicho la mdudu linageuka ukungu. Picha za Teng-kun hazikuwa na ukungu, na alijivuna kwa hilo, wala mimi simlaumu.

Mwaka huu mkono wa kulia ukaanza kucheza. Vijiti vya kulia chakula viligonga bakuli, akasema ni baridi. Picha zikaanza kuharibika, akamwambia mkewe wadudu wameadimika. Mkewe, Luan-moi, alikuwa mchuma chai, na wadudu walimpanda mpaka shingoni kila siku.

Kutuma picha za zamani Teng-kun aliona ni uongo. Kunyamaza aliona ni aibu. Basi asubuhi moja akachukua ua la yungiyungi alilotumiwa na rafiki, lenye maneno "Afya ndiyo utajiri", akalituma kwa ukoo mzima, akaenda chooni.

Uji haujapoa, simu ya Luan-moi ikalia. Alikuwa Fung-lan, na alikuwa analia.

"Dada, niambie ukweli. Amekufa?"

"Nani?"

"Shemeji! Katuma ua!"

"Yuko chooni."

"Basi anaumwa. Mtu mzima wa afya habadiliki hivyo!"

Mdogo wake Teng-kun naye akapiga kuuliza ni hospitali gani. Shangazi mmoja alikuwa ameshapanda basi. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Teng-kun aliumbuliwa na ua.

Luan-moi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha mumewe akatokea, mkono wa kulia mfukoni, na kicheko kikamkauka.

"Toa huo mkono."

"Mkono gani?"

"Huo unaouficha kama umeiba kuku."

Akautoa. Ukatetemeka juu ya meza, katikati ya mabakuli, na wote wawili wakautazama kama mgeni asiyealikwa.

"Duka nilifunga sikulia," alisema Teng-kun. "Kamera nayo ikiniponyoka, mama, sijui asubuhi nitaamkia nini."

Luan-moi aliingiwa na uchungu, lakini hakuwa mwanamke wa kubembeleza. Kwao huruma huja na jembe begani. "Maliza uji," alisema. "Vaa buti."

Ulikuwa msimu ule wa kabla ya sikukuu ya mbio za mashua, ambapo chai hainyunyiziwi dawa, kwa sababu jani lililoumwa na kidudu cha kijani ndilo linalonukia asali. Kidudu chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mchele, na hukimbia kwa ubavu. Shambani Luan-moi aliinama, akashika kikonyo cha jani kwa vidole viwili bila jani kujua.

"Huyu hapa. Piga."

Teng-kun akapiga magoti. Mwanga ukalipuka: ukungu. Akarudia: ukungu. Zamani angeshika kikonyo mwenyewe kwa mkono wa kushoto na kuegemeza lenzi hapo hapo, lakini sasa kamera ilimtaka mikono yote miwili.

"Iegemeze kwangu," alisema mkewe. "Hapa, kwenye kiwiko cha mkono."

"Nitakutikisa."

"Nitikise."

"Na mdudu je?"

"Si nimemshika mimi? Ukitikisika wewe, natikisika mimi, naye anatikisika. Nani atabaki nyuma?"

Akaiegemeza. Mtetemo ukapita kwenye mkono wa Luan-moi, ukashuka vidoleni hadi kwenye jani, na wote watatu wakatetemeka kwa pamoja. Akabonyeza.

Jicho likatoka. Miguu ikatoka na vinyweleo vyake, na mdomo ulipozama kwenye jani. Pembeni, kikubwa kama kilima, kilikaa kidole gumba cha Luan-moi, cheusi kwa utomvu wa chai, kila mkunjo unaonekana. Teng-kun akakaa chini kwenye udongo, akalia waziwazi.

"Imeharibika?"

"Imetoka."

"Basi utalia jioni." Luan-moi alikuwa ameshainamia kichaka kingine, vidole vimeshika kikonyo. "Huyu mnene zaidi. Njoo, niegemee."