Neno la Mwisho la Mwalimu Évariste

Mwalimu Évariste alikuwa na hakika kwamba akili yake inamtoka, na hakumwambia mtu. Hata mkewe Perpétue, anayemjua mpaka anavyokohoa, hakuambiwa. Jioni ya nusu fainali ya kombe la mtoano alipanda treni ya laini ya bluu kutoka Rinkeby akiwa amevaa koti lake la kanisani, kwa sababu alikuwa ameamua kwamba kama huu ndio mchezo wake wa mwisho, basi aage akiwa nadhifu.

Mchezo wenyewe ni chemshabongo. Watu wa Stockholm, baridi ikiwabana, hujazana kwenye baa wakaulizana maswali, na kwa kuwa ni watu wa utaratibu wamelitengenezea jambo hilo ligi, ratiba na kombe. Mwalimu hanywi pombe, ni mzee wa kanisa, lakini kahawa ya baa ni kahawa tu, na maswali hayaleweshi. Timu yake inaitwa Maziwa Makuu. Mwandishi ni Herménégilde, Mrundi, dereva wa basi. Yupo Wamaitha, muuguzi kutoka Kenya, mwepesi wa kucheka. Wa tatu ni Josefin, Mswidi aliyezaliwa Bukavu kwa wazazi wamisionari, mwenye Kiswahili cha adabu kuliko cha wenzake wote. Na yupo yeye, Mwalimu, aliyefundisha jiografia Uvira kabla vita haijamtupa kambini, kisha kwenye kiwanda cha malori cha Södertälje, kisha kwenye pensheni.

Meza yao ina desturi ambayo hakuna aliyeitunga, walizaliwa wakaikuta. Swali likisomwa, mdogo husema kwanza, wengine wakafuata, na mkubwa husema mwisho. Mkubwa akishasema, kalamu huandika. Timu nyingine hubishana mpaka mate yanaruka. Maziwa Makuu hawabishani. Waswidi huwatazama wakasema, ama kweli hawa watu wanapatana.

Kwa miaka mingi mambo yalikwenda vizuri. Karatasi zilikusanywa, jumla ikatangazwa, na jumla ya Maziwa Makuu haikuwa ya kuaibisha. Msimu huu ligi ikabadilisha utaratibu: baada ya kila swali timu hubadilishana karatasi, husahihishana kwa kalamu nyekundu, kisha kila karatasi hurudi kwa wenyewe. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mji mkuu wa Uturuki, Mwalimu alisema Istanbul, karatasi ikarudi na alama nyekundu. Wa Kanada, akasema Toronto: nyekundu. Nyangumi akamwita samaki, na huyo naye akarudi na wekundu wake.

Mwalimu wa jiografia, Toronto! Alilala akitazama dari. Baba yake alianza hivyo hivyo, kwa vitu vidogo, na alipomaliza alikuwa akimwita Évariste kwa jina la mdogo wake aliyekwisha kufa. Mwalimu akaanza kujichunga. Aliacha kufundisha somo la Jumapili akisingizia koo. Aliacha kusafiri peke yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, naye alilijua neno hilo vizuri, ndiyo maana alijiwekea mpaka: leo alama nyekundu ikiangukia tena jibu lake, ataiaga timu, na kesho atamwambia Perpétue ampeleke kwa daktari.

Wapinzani walikuwa wafanyakazi wa maktaba kutoka Märsta, watu wapole wenye sweta nzito. Wapole, lakini walijibu kama waliolipwa. Mpaka swali la mwisho Maziwa Makuu walikuwa mbele kwa pointi moja, na Mwalimu hajakosea hata mara moja. Alianza kupumua.

Msoma maswali akakohoa kwenye kipaza sauti. Ni nchi gani duniani yenye visiwa vingi kuliko zote?

"Mimi naona labda ni hapa hapa, Uswidi," alisema Wamaitha kwa sauti ndogo.

Josefin, ambaye wazazi wake wana kibanda cha kiangazi kwenye mojawapo ya visiwa hivyo, alisema, "Mimi pia nilikuwa nadhani hivyo, lakini tumsikie Mwalimu."

Herménégilde aliitazama kalamu.

"Indonesia," alisema Mwalimu. "Hilo halina mjadala, jamani."

"Ndiyo, Mwalimu," wakaitika wote, na kalamu ikaandika.

Karatasi iliporudi, Indonesia ilikuwa na alama nyekundu juu yake. Watu wa maktaba walikuwa wameandika Uswidi. Timu zikalingana, na msoma maswali akatangaza mapumziko mafupi, kisha swali moja la kuamua. Mwalimu hakumsikia. Aliishika karatasi kwa mikono miwili.

"Wanangu," alisema, "mimi naishia hapa. Kichwa hiki kimekwisha."

"Kimekwisha aje, Mzee?" Wamaitha aliuliza.

"Ninasahau. Istanbul, Toronto, sasa visiwa. Mambo niliyokuwa nayajua yote, mwaka huu yananitoroka moja moja. Baba yangu alianza vile vile. Mnaona wenyewe, mnaninyamazia tu."

Wamaitha alimtazama Josefin, Josefin akamtazama Herménégilde, na Herménégilde akaiweka kalamu mezani, akajipangusa uso kama mtu aliyetoka kulima.

"Mwalimu, nisamehe," alisema. "Hukusahau. Ulikuwa huyajui."

"Unasema nini?"

"Swali la visiwa lilishatoka, mwaka ule Josefin alipovunjika mguu. Ulisema Indonesia. Mimi niliandika Uswidi. Na Uturuki, tangu nikufahamu, kwako mji wake mkuu ni Istanbul. Nilikuwa naitika 'ndiyo, Mwalimu', halafu naandika Ankara. Mwaka huu karatasi inarudi mezani, ningeandika langu ungeona. Nikasema potelea mbali, bora tushindwe kuliko nikuvunjie heshima."

"Tangu lini unanifanyia hivyo?"

"Tangu tuanze."

Mwalimu akamgeukia Josefin, maana alimjua kuwa hawezi kudanganya hata kwa nia njema. "Ni kweli?"

"Ni kweli, Mwalimu. Pole sana."

"Na nyangumi?"

"Aki, Mzee, huyo nyangumi umemwita samaki kila mwaka," alisema Wamaitha. "Tumeshamzoea."

Walisubiri hasira. Mzee wa kanisa, mwalimu, ameambiwa na watoto wa juzi kwamba miaka yote alikuwa anapuyanga na wao wanamfichia! Herménégilde alikuwa ameshainamisha kichwa ili apokee maneno yake.

"Basi sikusahau," alisema Mwalimu polepole.

"Hapana, Mwalimu."

"Sikusahau kitu. Sikuwahi kujua!"

Akacheka. Alicheka mpaka miwani ikamtoka, akaishika, akacheka tena, na machozi yakamshuka mpaka kwenye kola ya lile koti. Mtu gani hufurahi kuambiwa kwamba amekuwa mjinga tangu zamani? Mwalimu Évariste alifurahi. Ujinga una dawa, mtu huuliza akajua. Lile jingine alilokuwa akilibeba tangu vuli halina dawa, na sasa alikuwa amelitua. Alihisi wepesi mabegani, akaagiza kahawa nyingine na kipande cha keki.

"Maskini watoto wa Uvira," alinong'ona Herménégilde, na huo ndio utani wake wa kwanza kwa Mwalimu maishani. Mwalimu akampiga kofi la begani.

"Sikilizeni. Kuanzia sasa, atakayeniitikia 'ndiyo' bila kuamini, ninamtoa nje. Heshima si kuniacha nipotee peke yangu. Mnanielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu," walisema, kisha wakagutuka wenyewe wakacheka.

Msoma maswali akarudi. Swali la kuamua: tunnelbana, treni ya chini ya ardhi ya Stockholm, ina stesheni ngapi? Atakayekaribia zaidi ndiye anayeingia fainali.

Wamaitha alisema mia moja na thelathini. Josefin akasema mia moja na ishirini na kitu. Herménégilde, mtu wa basi, hakuwa na maoni mazuri kuhusu treni, lakini naye alikisia huko huko.

"Mia," alisema Mwalimu. "Mia kamili, bila kuzidi."

"Hapana, Mwalimu!" Walisema kwa pamoja, kwa furaha, kama darasa lililofunguliwa mlango. "Mia kamili haiwezekani! Hiyo ni namba ya kubahatisha! Wewe na Toronto yako!"

Mwalimu alinyanyua mikono juu. Wengi wameshinda, alisema, andikeni. Wakaandika mia moja ishirini na saba. Watu wa maktaba waliandika mia moja na nne.

"Jibu," alisema msoma maswali, "ni mia."

Meza ya Märsta ilipiga makofi, sweta zikakumbatiana. Kwenye meza ya Maziwa Makuu hakuna aliyethubutu kuinua macho. Fainali ilikuwa imekwenda hivyo, na kwa mikono yao wenyewe. Mwalimu alikuwa anamalizia keki yake.

Josefin ndiye aliyepata ujasiri kwanza. "Mwalimu," alisema, "ulikuwa umepata."

"Rudia."

"Ulikuwa umepata. Sisi ndio tumekosea."

Mwalimu Évariste aliweka uma chini, akawatazama wote watatu, mmoja mmoja.

"Mmekuwa mkiniambia hivyo miaka yote," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nina sababu ya kuwaamini."